Maneno Arobaini

Mkufunzi alikuja kutoka Kampala na viatu vyeupe,
karatasi kubwa za ukutani na kalamu nne za rangi.
Alituketisha katika bwalo la zamani la wachimba shaba,
watu kumi na saba wa kujitolea, kila mmoja na soda yake,
akasema: mtajifunza maneno arobaini ya Kiingereza
ili siku Nyamwamba ukifurika tena mjue kuripoti.

Mimi nilikuwa mkalimani. Kiswahili changu
nilikiokota sokoni Mpondwe, mpakani, pamoja na chenji.

Neno la kwanza lilikuwa mafuriko.
Kwa Kiingereza lina herufi tano tu, jepesi,
linaingia mdomoni kama punje ya mahindi.
Tukaliandika. Hakuna aliyesema kitu.
Mto ulikuja saa tisa usiku ukisukuma mawe
makubwa kuliko ng'ombe, yanagongana,
na bonde zima likanuka kiberiti,
maana jiwe likigonga jiwe, hata ndani ya maji, huwaka.

Neno la tisa: ivakyueti.
"Mbambu, kwa Kiswahili?"
Nikasema kuhama, kuhamisha, kuondoa watu.
Kabugho, muuza chapati, akasema: "Si kukimbia tu?"
"Hapana. Huku ni kukimbia kwa mpango."
Tulicheka mpaka soda ikatutoka puani.
Mpango wangu usiku ule:
mtoto mgongoni, sufuria mkononi.
Sufuria ya nini? Ilikuwa na maharage, nimeyaloweka kwa ajili ya kesho.
Niliibeba hadi juu shuleni bila kumwaga maji.

Neno la kumi na nne: kazwalti.
Aliyevunjika mguu ni kazwalti,
na aliyekufa ni kazwalti.
Nikauliza, je, tukimwandikia mama mtu,
atajuaje kama aje na nguo au aje na sanda?
Mkufunzi alitazama saa.

Halafu likaja lile la ishirini na mbili,
la wale ambao hawajaonekana.
Ithungu aliandika alivyosikia: misingi.
Mkufunzi akamsahihishia kwa wekundu,
herufi moja akaifuta, nyingine akaidabo.
Mimi ningemwachia.
Shuka mwenyewe laini ya chini, karibu na daraja,
uone kilichobaki pale palipokuwa na nyumba:
misingi. Mstatili wa saruji, kizingiti,
ndani yake mchanga na mchaichai umeota.
Neno hilohilo vijana huandikiana kwenye simu,
nimekumisi, na kiua kidogo chekundu.
Nilitaka kulitafsiri hilo pia. Muda ulikuwa umekwisha.

Mchana tulijaribu fomu.
Idadi ya watu katika kaya. Idadi waliopo.
Nikajifanya ninaandikisha nyumba ya tatu toka daraja:
Baluku yupo. Bwambale yupo. Kule yupo.
Nikasimama.
"Endelea," mkufunzi akasema, "watatu, wote wapo."
Bwalo zima lilikuwa kimya isipokuwa bati.
Nikamweleza kwamba kwetu jina ni hesabu,
mvulana wa kwanza, wa pili, wa nne.
Hapo katikati kuna Masereka,
na fomu yako haina mahali pa kuweka pengo.
Alichukua kalamu ya kijani, akachora mstari pembeni,
kwa mkono, umepinda kidogo.
Hilo nitamshukuru.

Mtihani nilipata thelathini na nane.
La kurudia hali ya zamani nilikosa,
na lingine sikumbuki.

Cheti nimekibandika juu ya kitanda,
juu kabisa, pasipofika maji.
Binti yangu akakisoma kwa kidole.
"Mama, maneno arobaini yote ni ya nini?"
Mvua ilikuwa inaanza huko Rwenzori, ngurumo za mbali.
Nikamwambia hayo ni ya asubuhi,
ya watu wenye kalamu. Ya usiku ni moja tu:
panda.
Akapanda kitandani, akavuta blanketi,
akalala na viatu vyake miguuni.